Ndugu Hapewi Likizo

Wiki iliyopita tulimwacha Chiriku kwenye korido ya ofisi ya kazi, mgongo ukutani, mikono yote miwili juu ya tumbo, akimtazama Mama Shela anamjia kwa mwendo wa mtu aliyekuja kupiga. Mlifumba macho? Yafumbueni.

Mama Shela hakupiga.

Alikumbatia.

"Mdogo wangu!" alilia, kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la mwisho. "Mdogo wangu jamani, unatoka nyumbani bila kuaga, na hali yako hii? Shemeji yako hajatia kitu mdomoni tangu jana!"

Watu waliojipanga kwenye benchi, kila mmoja na shida yake mapajani, walitikisa vichwa kwa huruma. Mama mmoja akafuta chozi la mwenzake.

Chiriku, ambaye hunyamaza akilala tu, alikuja amejiandaa kwa matusi. Alijiandaa hata kwa kofi. Kwa kukumbatiwa hakuwa na kinga.

Na sikioni mwake, chini kwa chini, Mama Shela akanong'ona: "Tutaona atakayekuamini."

Kwa aliyefungia vitumbua gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, habari ni hii. Chiriku ni yaya. Analea Kidosho, binti wa pekee wa Mama Shela, mwenye duka la kukodisha magauni ya harusi. Mume wa Chiriku ni mwashi, yuko mbali kwenye ujenzi. Mimba imekomaa. Ameomba kitu kimoja: likizo ya uzazi yenye malipo, kama anavyopewa mfanyakazi yeyote, akajifungulie kwa mama yake mzazi, kisha arudi kwenye kazi yake. Basi.

Mama Shela alijibu kwamba likizo hakuna, ila asiwe na wasiwasi. "Utajifungulia kwa mama yangu, shambani. Kumetulia. Gari litakupeleka."

Chiriku alikataa. Kwa nini? Hata yeye hakujua vizuri. Mwili ulikataa kabla ya akili. Ndipo akaja hapa, akiongozana na Katibu wa chama cha wafanyakazi wa majumbani, mwanamke mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara.

Sasa ingieni nao ndani.

Chumba kilikuwa kidogo, na feni yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Nyuma ya meza aliketi Afisa wa Kazi, mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, miguu ameipandisha kwenye kigoda kwa sababu ya kuvimba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mimi nimeona haki nyingi zikifia kwenye meza ya mtu aliyechoka.

"Mlalamikaji nani?"

"Mimi, mheshimiwa," Chiriku akasema.

"Mwajiri?"

"Hayupo," akajibu Mama Shela, huku akipangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa.

"Hayupo vipi? Wewe ni nani?"

"Dada yake." Akatabasamu kwa unyonge. "Mheshimiwa, hapa hakuna mwajiri. Kuna dada na mdogo wake wamekwaruzana. Vyombo vikikaa kabati moja havikosi kugongana. Naona haya hata kukupotezea muda."

Chiriku akacheka. Kilimtoka tu, kama kwikwi.

"Dada, acha mzaha basi!"

"Umesikia?" Mama Shela akamgeukia Afisa taratibu. "Ameniitaje?"

Kicheko cha Chiriku kikakatika.

"Aa!" Katibu akaruka. "Hata polisi akikutia pingu anakuita dada! Wote anaowaita hivyo ni ndugu zake?"

"Katibu, kaa."

"Nimekaa!" Katibu akasema, akiwa amesimama.

Afisa akavaa miwani, akalisoma jina kwenye faili la malalamiko. "Mama Shela, ulikuwa unamlipa mshahara?"

"Mshahara? Mdogo wangu?" Akaweka mkono kifuani. "Nampa matumizi, mheshimiwa. Mafuta ya kujipaka, nauli, vitu vya kike. Wewe mdogo wako humpi?"

Afisa akakohoa. "Nampa."

"Akikaa kwako, hakusaidii vyombo? Habebi mtoto?"

"Anabeba."

"Na akitaka kujifungua, anakuomba likizo?"

Afisa aliinamisha kichwa kidogo, na Chiriku akahisi sakafu inateleza chini ya viatu vyake.

Maana ni kweli, wasomaji wangu. Siku ya kwanza kabisa alipoingia nyumba ile, wageni walikuwa sebuleni. Mama Shela akamshika bega, akasema, "Huyu ni mdogo wangu." Chiriku alitoka nje akatabasamu peke yake kwenye kamba ya nguo. Tangu siku ile ni dada, ni shemeji, na Kidosho alipojua kusema akamwita Mama Mdogo.

Huo ndio undugu wa jikoni. Naujua tangu sijaota ndevu. Wakati wa kufua, ni ndugu. Wakati wa kuamka na mtoto mwenye homa, ni ndugu, tena wa damu. Wakati wa kukaa mezani, ghafla kiti hakitoshi. Nimewaona kina mjomba wa kulinda geti na kina shangazi wa kupiga pasi, na sijawahi kumwona hata mmoja wao kwenye picha ya ukutani!

Lakini nani angeyasema hayo mbele ya Afisa?

"Nina shahidi," Chiriku akasema haraka. "Yuko nje. Baba Maziwa. Analeta maziwa pale kila asubuhi, ananikuta nadeki, nafua, nimembeba mtoto mgongoni. Muulizeni yeye kazi yangu ni nini."

"Aitwe," Afisa akasema.

Mama Shela akarekebisha mtandio wake. Hakuonekana na hofu. Hilo lingemshtua Chiriku, kama angekuwa anamtazama.

Baba Maziwa akaingia, kofia mkononi, harufu ya maziwa imetangulia. Mtu mwema. Mtu mwema kupita kiasi, ambaye akiulizwa swali moja hujibu na lile ambalo halijaulizwa.

"Unamfahamu huyu binti?"

"Huyu?" Akatabasamu mpaka fizi zikaonekana. "Sana! Mama Mdogo huyu. Mdogo wake Mama Shela, tumbo moja, ziwa moja."

Afisa akaliandika hilo kwenye faili.

"Baba Maziwa!" Chiriku akasema.

"Usiogope, Mama Mdogo, nasema ukweli." Akamgeukia Afisa, akiwa na uhakika kwamba anaokoa. "Hata kucheka wanafanana, mheshimiwa. Anayesema si ndugu ana lake jambo!"

"Undugu ni kufaana, si kufanana!" Katibu akafoka. "Mwanamume gani wewe! Tumekuita utuvue majini, unatukanyaga kichwa!"

"Katibu!"

"Sikai tena! Huyu kapewa maziwa ya bure!"

"Mimi ndiye muuza maziwa, mama, nani anipe?"

"Nje!" Afisa akapiga meza kwa kiganja. "Katibu, nje. Utaitwa."

Katibu akatoka, na mlango akaufunga kwa namna ambayo mlango ule hautaisahau. Wakamsikia akienda zake kwenye ngazi, akiapa kwamba atarudi na chama kizima.

Chiriku akabaki peke yake.

"Nani alikwambia ni ndugu?" Afisa akamuuliza Baba Maziwa.

"Mwenyewe! Zamani, kabla hajaolewa na yule shemeji yetu mwashi. Alinisimamisha pale getini akasema, mimi ni mdogo wake Mama Shela, na uwaambie na wenzako. Nami nikawaambia. Mtaa mzima unajua."

"Binti, ulisema hivyo?"

Machozi yakamjaa Chiriku. Alisema. Alisema kwa mdomo wake, tena kwa kurudia. Kwa wanaume wa mtaa ule yaya alikuwa kama bomba la maji la barabarani: kila apitaye anadhani ana haki ya kulifungua. Wakamzuia njiani, wakamshika nguo, wakampigia miluzi. Siku aliyosema yeye ni mdogo wa Mama Shela, mikono ikarudi mifukoni na shikamoo zikaanza. Nani angetupa mwavuli mvua inanyesha?

Sasa mwavuli ule ule ndio umegeuka mtego.

"Nilisema, mheshimiwa. Lakini nilisema ili..."

"Amesema," Mama Shela akamalizia kwa upole. Akainuka, akaja akapiga magoti kabisa mbele ya kiti cha Chiriku, akaweka kiganja juu ya tumbo. Mtoto akapiga teke. Mama Shela hakuondoa mkono. Aliubakisha pale, vidole vimetanuka, kama mtu anayepima tikiti maji sokoni.

"Yamekwisha, mdogo wangu. Twende nyumbani. Gari lipo nje, na mama anatungoja. Kidosho kila siku ananiuliza: mdogo wangu anakuja lini?"

Chiriku akaganda. Mdogo wangu? Mdogo wake nani?

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti iliyopasuka, "mimi sendi na huyu. Naomba usinipeleke na huyu."

Afisa akavua miwani, akayasugua macho. "Binti, mimi mikono yangu imefungwa. Kama wewe ni mfanyakazi, sheria inakulinda, likizo utapata na malipo utapata, na yeye hana ubavu wa kukuambia uzalie wapi. Kama ni ndugu, hayo ni mambo ya ukoo. Dada yako anasema ni ndugu. Shahidi wako anasema ni ndugu. Wewe mwenyewe ulisema ni ndugu. Unataka mimi niseme nini?"

Akanyoosha mkono kulifunga faili.

Na hapo, jamani, Baba Maziwa, yule mwema, akaona wamenuna wote, akaamua kuchangamsha mazungumzo.

"Ila familia hii wana roho nzuri," akasema. "Hata yule mdogo wao wa kwanza walimtunza hivi hivi."

Mkono wa Afisa ukasimama hewani.

"Mdogo wao yupi?"

"Baba Maziwa, asante, unaweza kwenda," Mama Shela akasema akiwa bado amepiga magoti. Sauti yake ilikuwa imepungua utamu.

"Yule mwembamba, aliyekuwa anasuka vizuri! Alikuwepo kabla ya huyu. Naye alipata ujauzito. Wakampeleka kwa mama yao shambani, akajifungulie penye utulivu. Nilimpa na maziwa ya njiani."

"Akarudi lini?"

Baba Maziwa akafikiri. Akakuna shingo.

"Sasa hapo... Sikumwona tena, mheshimiwa."

Afisa akashusha miguu kutoka kwenye kigoda. Mmoja, kisha wa pili. Uchovu ulikuwa umemtoka usoni.

"Mama Shela. Huyo mdogo wako wa kwanza yuko wapi?"

"Sina mdogo mwingine."

"Shahidi anasema unaye. Nataka kuzungumza naye. Ndugu wa tumbo moja hakosi kujulikana alipo. Nipe namna ya kumpata sasa hivi, nimpigie simu."

"Nimesema sina!"

"Basi alikuwa nani?"

Mama Shela akasimama. Kwa mara ya kwanza nywele zake zilitoka kwenye mtandio na hakuzirudisha.

"Alikuwa yaya tu!" akafoka. "Yaya! Msichana wa kazi! Nilimwita mdogo wangu kwa heshima, kama watu wote wanavyofanya, mnataka kunitia kitanzi kwa hilo?"

Neno likatoka, likakaa katikati ya meza, wote wakalitazama.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu iliishia palepale kwenye ncha ya ulimi wake.

"Kumbe," Afisa akasema polepole. "Kumbe kwenye nyumba yako yaya huitwa mdogo wako. Mtaa mzima huambiwa hivyo, naye bado ni yaya."

"Sikusema..."

"Umesema. Hata mwenye maziwa amesikia."

"Nimesikia," Baba Maziwa akathibitisha, ingawa kwa uso wake alikuwa hajaelewa kitu.

Afisa akasimama. "Chiriku, ofisi hii inakutambua kuwa mfanyakazi wa mama huyu. Likizo yako ya uzazi inaanza leo, kwa malipo. Utajifungulia unapotaka wewe. Na ukirudi, kazi yako ikungoje. Asiwekwe mtu mahali pako. Mama Shela, umenielewa?"

Chiriku akafunika uso kwa viganja. Alilia kwa sauti, bila haya, kama mtu aliyeshushiwa gunia mgongoni.

Mnashangilia? Nami nilitaka kushangilia. Ngojeni.

"Na yule wa kwanza," Afisa akaendelea, macho hayabanduki kwa Mama Shela, "yeye likizo yake iliisha lini?"

"Aliacha kazi mwenyewe. Mtoto wake hakuishi. Akaona uchungu, akaenda zake kwao."

"Maskini!" Baba Maziwa akasema kwa huzuni ya kweli. "Hatukujua mtoto hakuishi. Sisi tulikuwa na furaha tu, maana siku zilezile na wewe ukarudi na Kidosho. Tena ulibeba kisiri, Mama Shela! Mtaa mzima hakuna aliyeliona tumbo."

Chiriku akaondoa viganja usoni. Alimwona Kidosho mbele yake, Kidosho wa vidole virefu, Kidosho anayependa kusuka wanasesere wake kabla hata hajajua kufunga kiatu. Akaliona shamba ambalo hajawahi kufika. Akakisikia kiganja kile juu ya tumbo lake, vidole vimetanuka.

"Dada," akanong'ona, kwa mazoea tu, "mama yake Kidosho ni nani?"

Mama Shela alikaa kwenye kiti. Alikaa vizuri, akakunja mikono, akatazama dirisha.

"Wewe hutoki humu," Afisa akamwambia, akafunga mlango wa pili, ule wa kutokea uani, kwa ufunguo, kisha akanyanyua simu. "Nipe polisi. Ndiyo, ofisi ya kazi. Haraka!"

Ndipo maumivu yalipokuja.

Yalianzia kiunoni, yakazunguka, yakamkunja Chiriku mpaka paji la uso likagusa meza. Maji yakatiririka sakafuni.

"Uwii! Mama yangu!"

"Uchungu!" Baba Maziwa akapiga kelele. "Mheshimiwa, uchungu huu!"

"Na ambulensi!" Afisa akapaza sauti kwenye simu. "Nimesema polisi na ambulensi! Usinikatie!" Kwa jicho moja alimlinda Mama Shela, kwa jingine alimtazama Chiriku. "Baba, mpeleke penye hewa, mlaze kwenye benchi pale mbele. Mimi huyu simwachi peke yake."

Akili ya Afisa ilikuwa sawa. Hatari, aliona, imekaa pale kwenye kiti, imekunja mikono. Ilimradi haitoki chumbani, binti yuko salama.

Baba Maziwa akamshika Chiriku kwapani, wakavuka korido hatua kwa hatua. Benchi zilijaa. Watu wakapisha, wakapiga makofi ya mshangao, kila mmoja akatoa ushauri wake. Uchungu wa pili ukaja kabla wa kwanza haujasahaulika.

"Ambulensi itachelewa," Baba Maziwa akasema. "Mimi nazijua. Shangazi yangu mpaka leo anaingoja, na alishazikwa."

Akachungulia nje. Getini palikuwa na gari jeupe, injini inaunguruma, riboni za harusi bado zimefungwa kwenye vioo. Gari la duka. Alilifahamu vizuri.

Moyo wake ukatulia. Watu wazima wanagombana, wanatoleana maneno makali mbele ya maofisa, lakini mbele ya uzazi nani anakumbuka ugomvi? Ndivyo alivyofikiri. Kichwani mwake wale wawili walikuwa bado tumbo moja, ziwa moja. Mambo yote yaliyosemwa ndani yalikuwa yamempitia kama maji kwenye mgongo wa bata.

"Jikaze, Mama Mdogo. Usafiri upo."

Chiriku alikuwa amefumba macho, meno yameuma mtandio. Alisikia mlango wa gari unafunguliwa. Alisikia kiti laini chini yake. Baba Maziwa akamwinulia miguu, akaiweka vizuri, akapangusa na vumbi la kiatu.

"Hospitali, dereva! Mbio!" Akafunga mlango kwa upole, kama mtu anayefunga kabati la vikombe.

Ng'ambo ya barabara, Katibu alikuwa anarudi na wanachama wenzake, kundi zima la wanawake waliofunga vilemba kwa ajili ya vita. Akaliona gari. Akaziona riboni. Akaiona kofia ya Baba Maziwa ikipungia kwaheri.

"Mshushe!" akapiga kelele, akikimbia katikati ya magari. "Mpumbavu wewe, mshushe!"

Akafika, akapiga kioo cha nyuma kwa viganja vyote viwili. Gari likang'oka, akabaki na utepe mweupe mkononi.

Ndani, maumivu yakalegea kidogo. Chiriku akafumbua macho.

Akaziona riboni zikipepea. Akavuta kitasa. Kilikuwa kimekaza. Akavuta cha upande wa pili. Nacho.

"Dereva, simamisha! Hospitali ni kulia! Umepita hospitali!"

Dereva hakugeuka. Aliyegeuka ni mtu wa kiti cha mbele, bibi mmoja mfupi aliyejifunika shuka jepesi, mwenye sura ya upole na macho ya Mama Shela. Mapajani alikuwa na beseni jipya, na ndani ya beseni nguo za kichanga zilizokunjwa vizuri, moja juu ya nyingine.

"Pole, mwanangu," akasema. Akanyoosha mkono, akampangusa Chiriku jasho la paji la uso kwa utaratibu, kama mama yeyote angefanya. "Mwenzako naye alilia hivyohivyo, kwenye kiti hichohicho. Wewe si ulitaka likizo?"

Akamgeukia dereva.

"Zima simu yako."